Gauni la Kumuaga Zaitun

Kwa miaka saba Mwanahawa aliomba dua moja ambayo haikuhusu mvua wala watoto: Khamisi amwache Zaitun. Aliiomba kila baada ya sala, kwa adabu, bila kumtakia mke mwenzake maradhi wala kifo, maana alijua Mungu hapendi. Talaka tu, basi. Mwenyezi Mungu akaiweka dua ile mahali anapopajua Yeye, akaijibu mwaka wa hamsini na nane, Mwanahawa alipokuwa ameshaisahau.

Khamisi alikuwa fundi cherehani. Yeye na Mwanahawa waliteremka Dodoma kutoka milima ya Kondoa wakiwa bado wachanga katika ndoa, akapata kibaraza cha kushonea mbele ya duka la vitambaa la Kamrudin, wakajenga Makole nyumba ya udongo yenye paa la madebe yaliyokunjuliwa. Walikuwa na mtoto mmoja, Abbasi. Mwaka wa thelathini na sita Khamisi akaenda Kondoa kumzika mjomba, akarudi na mke. Ndiye Zaitun, mjane wa miaka ishirini na mitano, mcheshi, mwenye mwanya.

Basi ua mmoja ukawa na meko mawili, mafiga matatu upande huu na matatu upande ule, na zamu za siku mbili mbili. Siku ya zamu yake Mwanahawa alitia karanga kwenye mboga, harufu ikavuka ua. Siku ya pili yake Zaitun alitia karanga mara mbili. Wanawake wale hawakusemezana, ila karanga zilisema yote, na Khamisi akanenepa mpaka akajipanulia kanzu zote. Huo ndio wakati wa ile dua. Usiniulize kama Khamisi aliona taabu kugombaniwa. Alikuwa akitembea mjini kama mtu mwenye ng'ombe mia.

Kisha ikaja vita ya Wazungu. Serikali ikamchukua Khamisi kwenda Nairobi kushona magwanda ya askari, na nyuma yake, mwaka wa arobaini na tatu, ikaingia njaa. Asubuhi moja Zaitun alivuka ua akiwa na chungu mkononi.

"Dada, mimi unga ninao kidogo, kuni sina. Wewe kuni unazo, unga huna. Tutaendelea kununiana hivi mpaka tufe?"

Mwanahawa alimtazama kwanza, kisha akasogea kidogo kumpisha jikoni. Ndivyo walivyopatana, hakuna shehe wala mzee aliyeitwa. Abbasi alipougua surua, Zaitun ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali na kurudi. Mungu hakumjalia kuzaa, lakini mtoto yule akakua akiwaita wote wawili mama, na alipokuwa mtu mzima, mfanyakazi wa reli kule Tabora, barua zake zilianza, "Kwa mama zangu."

Khamisi akarudi mwaka wa arobaini na sita, akakuta jiko moja. Mafiga ya Zaitun yamegeuzwa viti.

"Na zamu je?" akauliza.

"Zipo," wakamjibu pamoja.

Zilikuwepo kweli, ila ziligeuka. Zamani kila mmoja alimvutia kwake, sasa kila mmoja alimkaribisha kwa mwenzake kwa ukarimu mkubwa. Akija huku anaambiwa, "Leo si kwangu, Baba Abbasi." Akienda kule anaambiwa vilevile. Akiwekewa chakula barazani anakula peke yake, huku wake zake wako jikoni wanacheka kwa Kirangi cha kwao Kondoa. Akiingia, wananyamaza. Akauvumilia upweke huo miaka kumi na miwili.

Ndipo siku ya kwanza ya Rajabu, mwaka ule wa hamsini na nane, alipomwita Mwanahawa sebuleni. Mwanahawa alikuja na ungo wa mtama mkononi.

"Mama Abbasi, nimezeeka. Ijumaa tumefundishwa msikitini mtu atengeneze mambo na watu wake kabla ya safari. Nimekutimizia. Nimempa Zaitun talaka moja."

Ungo ukamponyoka.

"Nani alikuomba?"

"Wewe."

"Lini?"

"Mwaka wa thelathini na saba. Hapo hapo mlangoni. Ulilia mpaka kanga ikalowa."

"Ukakaa miaka ishirini na moja unafikiri!"

Khamisi akaudhika. Alitegemea shukrani.

Zaitun alikuwa ameshavuka umri wa kuzaa, hivyo eda yake ilihesabiwa kwa miezi: Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Sheria inamtaka mke wa talaka moja akae humo humo nyumbani muda wote huo, na mume akibadili nia anaweza kumrejea kwa neno tu, mbele ya mashahidi. Ukiandama mwezi wa Idi, basi, imekwisha. Zaitun angepanda basi la Kondoa kwenda kwa kaka yake, ambaye mkewe alishatuma salamu kwamba nyumba yao ni ndogo na mbuzi wanalala ndani.

"Nitalala na mbuzi," alisema Zaitun. "Angalau hawanipi zamu." Akacheka, kisha akajifunika uso kwa upindo wa kanga.

Mwanahawa akaanza kazi asiyowahi kufikiri ataifanya, kumbembelezea mwenzake kwa mume. Rajabu nzima alimsifu Zaitun: upishi wake, subira yake, anavyojua kukanda miguu. Kadiri alivyomsifu ndivyo Khamisi alivyonuna.

"Zamani ulikuwa unasema ni mchawi."

"Zamani nilikuwa mjinga."

"Mnapendana ninyi," Khamisi akasema. "Mnapendana sana. Mimi sijui nafanya nini humu."

Shaabani ikapita. Ramadhani ikaingia, mji mzima ukawa unahesabu siku kwa furaha, watoto wanaulizia nguo mpya. Mwanahawa peke yake aliuogopa mwezi kama mtu anayengoja hukumu. Kila baada ya sala alimwomba Mungu aifute ile dua ya zamani, na aliona haya kidogo kwa usumbufu huo.

Tarehe ishirini na nane, alasiri, alimpelekea Khamisi mkasi aliousahau nyumbani. Baraza lilijaa nguo za Idi. Juu ya cherehani ilikuwa imelala gauni la maua mekundu, kitambaa kizito, mikono ya marinda, shingo imetiwa utepe.

"La nani hili?"

"La Zaitun," Khamisi akajibu bila kuinua macho. "Vitabu vinasema mke aliyeachwa apewe kitu cha kumliwaza. La kumuaga."

Mwanahawa alilishika. Miaka thelathini na zaidi ya ndoa, na Khamisi hakuwahi kumtilia utepe shingoni. Kitu kilichokuwa kimelala tangu enzi za karanga kikaamka, kikasimama wima.

"Na langu?"

"Lako la nini? Wewe sijakuacha."

"Kumbe ili nishonewe utepe niachwe kwanza! Niambie, Khamisi, mbele ya watu hawa. Kama Zaitun si mke wako, gauni la utepe la nini? Na kama ni mke wako, langu liko wapi? Mungu amekwambia uwagawie wake zako sawasawa, si mmoja utepe, mmoja mkasi!"

Wateja waliokuwa wakingoja nguo zao wakageuka. Kamrudin na mdogo wake Nazir wakachungulia kutoka ndani ya duka.

"Bi Mwanahawa, funga itaharibika," Kamrudin akasema polepole.

"Iharibike! Nitailipa!"

Khamisi alikuwa amekwisha simama. Uso wake, ambao miaka kumi na miwili ulikuwa umekunjamana kama nguo isiyopigwa pasi, ulinyooka.

"Mama Abbasi," akasema. "Una wivu?"

"Ninao! Unafikiri uliisha?"

"Basi ni mke wangu!" Khamisi akapaza sauti, sokoni kote wakasikia. "Zaitun ni mke wangu, nimemrejea! Kamrudin, Nazir, mmeshuhudia. Nazir, nikatie kitambaa kile kile, jora lile lile!"

Mwanahawa alikuwa amekwisha vuka barabara ya Makole ndipo alipokumbuka kwamba kurejewa kwa Zaitun ndiko alikokuwa akikuomba miezi yote ile. Kule barazani hakumfikiria Zaitun hata kidogo. Alikuwa akifikiria utepe.

Zaitun alipopata habari alikaa chini juu ya mafiga yake ya zamani, akalia, akacheka.

"Dada, kumbe ulimtega! Umewezaje?"

Mwanahawa alikuwa amefunga, hakutaka kusema uongo.

"Kaa kitako uchague mchele," akasema.

Siku ya Idi wote wawili walivaa maua mekundu, shingo za utepe. Khamisi alikaa barazani na kanzu mpya, ndevu zimechanwa, akingoja.

"Leo nakula kwa nani?" akaita.

"Kwa mwenzangu!" zikatoka sauti mbili jikoni.

Mwanahawa akapakua pilau. Zaitun alipoinama kuchukua sinia, Mwanahawa akapima kwa jicho upindo wa gauni lake na wa mwenzake. Lake lilikuwa fupi kwa upana wa kidole. Akamwomba Mungu msamaha, akajaribu kutolitazama tena.