Watoto Sita Mezani kwa Msimamizi

Mke wangu kiwandani walimwita Sindano. Alikuwa mwembamba, na maneno yake yalichoma. Leo ni miezi mitatu tangu nimzike.

Tulifanya kazi kiwanda kimoja cha nguo. Yeye alishona kola za mashati, mimi nilitengeneza meza zilizovunjika. Alirudi kazini mtoto wetu wa kwanza akiwa na miezi minne. Ikifika saa nne matiti yanajaa, yanauma, blauzi inalowa. Nesi alimpa pampu ya mkono, ile ya mpira wa kuminya. Akawa anakamulia chooni, hapakuwa na pengine. Mlango haukuwa na komeo. Nilitaka kuliweka, msimamizi akakataa.

"Ukiweka komeo watalala humo."

Nikarudisha bisibisi mfukoni.

Siku moja msimamizi akausukuma ule mlango. Akamkuta na pampu kifuani. Akawaita wanaume wa kupiga pasi.

"Njooni muone! Kumbe tumeajiri ng'ombe!"

Wakacheka. Akamnyang'anya chupa, akamwaga maziwa kwenye sinki. Mimi nilikuwa pale, nyundo mkononi. Sikufungua mdomo.

Nyumbani nikamwambia, "Nisamehe, mke wangu."

"Wewe tutaongea baadaye. Yule kwanza."

Wiki nzima, saa ya chakula, alizunguka kwa wenzake wanaonyonyesha. Walikuwa sita pamoja naye. Jumatatu mwenye kiwanda alikuwa analeta wanunuzi. Wote sita wakaja na watoto migongoni. Mlinzi wa getini, ambaye mkewe naye alikuwa ananyonyesha, akageukia ukuta.

Saa nne wakaingia ofisini kwa msimamizi. Wakalaza watoto mezani, juu ya makaratasi. Wetu akawekwa mapajani mwake.

"Shikamoo bosi. Ng'ombe tuko kazini. Ndama hawa hapa."

"Nyie mna wazimu? Huyu analia!"

"Ana njaa. Mnyonyeshe."

"Nimnyonyeshe na nini?"

"Maziwa yake si unajua ulikoyapeleka?"

Wakarudi kwenye cherehani. Vilio vikazidi kelele za mashine. Mwenye kiwanda akaingia na wageni wake, akamkuta msimamizi kalowa mkojo mpaka magotini, watoto wawili mikononi, wanne mezani. Mke wangu akasimama, akaeleza yote mbele ya wageni.

Msimamizi akaambiwa aombe radhi. Akanong'ona.

"Ongeza sauti," mke wangu akasema. "Kule kwenye pasi hawajasikia."

Alirudia mara tatu. Ndipo akina mama wakachukua watoto wao, wakawanyonyesha palepale. Wiki hiyo stoo ya vitambaa ikawa chumba cha kukamulia. Komeo niliweka mimi.

Msimamizi hakufukuzwa. Mke wangu alisema ni vizuri abaki, apite mbele yake kila siku. Miaka tisa yule bwana alimsalimia kila asubuhi. Hakuitikiwa hata mara moja.

Mimi mke wangu alinisamehe, nadhani. Hakuwahi kusema.

Juzi nilikutana na msimamizi hospitali, kwenye benchi la kusubiri. Kazeeka, ana mkongojo.

"Sindano hajambo?"

"Amefariki."

"Pole sana, ndugu yangu. Basi na yale ya zamani yaishe."

Niliwageukia wagonjwa wenzetu na mama wawili wenye watoto wachanga, nikawasimulia, tangu mlango hadi sinki, nikimwonyesha kwa kidole. Mama mmoja alimtazama kutoka juu hadi chini, akasonya.

Nesi alipoliita jina la msimamizi, alikuwa ameshaondoka.