Tende za Februari

Mamangu mkubwa, dada yake mama, alikuwa na meno mawili ya mbele na masufuria arubaini. Meno yake, masufuria ya mtaa. Pale mtaani kwetu Kibokoni mtu akiwa na harusi hanunui vyombo, huja kuazima kwake, naye alikuwa amefunga uzi kwenye kila mkono wa sufuria, mwekundu wa nyumba hii, kijani wa ile. Kuandika hajui. Ukimrudishia sufuria la watu wengine atakwambia kabla hujalitua, "Mwanangu, hilo silo." Alifiwa na waume watatu, na huyo wa tatu mimi nilimpenda sana kwa kuwa alikuwa na mkono wa kupika halwa, lakini hayo tuyaache.

Nililotaka kusema ni kwamba mwaka wake aliuhesabu kwa masufuria. Yakianza kugombaniwa ni Shaaban, kila mwenye binti anataka kumwoza kabla ya Ramadhani. Yakitulia, tunafunga. Kalenda ya ukutani alikuwa nayo, ya picha ya farasi, imepitwa miaka mingi. Alikuwa akiipangusa vumbi tu.

Basi huyo ndiye niliyemkumbuka katika ile miaka ya tisini, nimeketi kwenye ukumbi karibu na Buxton, chini ya panka linalozunguka huku likilia, nimevaa shati la mikono mirefu kama bwana harusi, nikifundishwa kazi yangu mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa bohari. Miaka kumi na tisa nimeshika funguo za bohari moja upande wa Makupa: mchele, samli na tende. Shule niliiacha darasa la nne, lakini kanda la tende, lile fuko la kusukwa, likianza kuchacha nilikuwa nalijua kwa pua nikiwa bado mlangoni. Kisha tukaletewa meneja mpya kutoka bara, kijana wa tai, akasema tangu sasa funguo zitashikwa na mwenye cheti. Kulikuwa na mafunzo ya wakubwa wa makampuni, siku tano, na kampuni yetu ilikuwa na viti viwili. Kimoja chake.

"Mzee, kiti cha pili chukua wewe," alisema. "Ukipata cheti bohari ni yako. Usipopata, utabeba pamoja na wapagazi."

Alisema kwa adabu kabisa. Nami nilikuwa na miaka hamsini na tatu, na mgongo wa kubebea magunia nilikuwa sina tena. Nikaenda.

Waliokuja ni watu ambao gunia wameliona kwenye picha. Kila mmoja amebandikwa jina kifuani, kama bidhaa inayongoja kusafirishwa. Mwalimu akiandika neno ubaoni, vichwa vyote vinainama pamoja kama kuku waliomwagiwa mtama. Siku ya kwanza alituchorea visanduku na mishale, akaviita mnyororo wa ugavi, na ikatuchukua kutwa nzima kuelewa kwamba kitu hutoka kwa anayekiuza kikaenda kwa anayekinunua. Mamangu mkubwa angeuliza kama yule mwalimu, maskini, anaumwa.

Nilikaa kando ya jirani yangu wa Kibokoni, mkubwa katika kampuni ya unga, mtu tunayesali naye safu moja. Nilifurahi kumwona. Nilidhani nina mtu.

Siku ya tatu meneja wetu akatoa makaratasi yetu yawe mfano. Mwalimu akachora mlima: mauzo ya tende ya miaka mitatu, kilele Februari. Akasema mzigo unaolala bohari ni hasara, ufike pale tu unapotakiwa. Kwa hiyo mwaka ujao tende zishushwe mwisho wa Januari, bohari ipumue.

Nikanyoosha mkono. "Maalim, mwaka ujao Ramadhani inaingia Januari. Hizo tende zikishuka, watu washamaliza kumi la kwanza la mfungo."

"Takwimu zinaonyesha Februari, mzee wangu. Miaka mitatu mfululizo."

"Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi, kumi na moja. Inafuata kuandama kwa mwezi."

"Mzee atuletee na nyota," akasema mmoja wa nyuma, na wakacheka.

Mwalimu akamgeukia jirani yangu. "Na wewe, bwana, waonaje?"

Jirani yangu, ambaye Ramadhani iliyopita alifuturu kwangu mara nne, na mara zote nne alianza na tende, aliutazama ule mlima kwa heshima. "Wazo ni zuri," akasema. "Takwimu hazina ushabiki." Akaandika Februari kwenye daftari, akapiga na mstari chini yake.

Wakati wa chai nikamfuata. "Yakhe, Ramadhani wewe huijui?"

"Naijua, kakangu. Lakini cheti ni Ijumaa. Andika Februari ubaki na funguo zako, kisha tende uziagize mapema kimyakimya."

"Nikiziagiza kimyakimya, cheti ni cha nini?"

"Cha kutundika." Akachukua sambusa ya tatu.

Tuliporudi ndani tukapewa karatasi. Mtihani wenyewe ndio huo: kila mmoja aandike mpango wa tende na kutia sahihi. Meneja akaniinamia sikioni. "Wako ndio nitakaoufuata, mzee. Andika kama ulivyofundishwa."

Nilikaa na ile kalamu. Nikawaona wenye maduka wa Mji wa Kale, watu ninaowajua kwa baba zao, wamekuja Shaaban kama kila mwaka, wanakuta bohari tupu, imefagiwa, inapumua, na sahihi ni yangu. Kando yangu jirani alikuwa ameshamaliza, anapulizia wino ukauke.

Adhana ya adhuhuri ikasikika dirishani. Hakuinua kichwa hata jirani yangu. Nikasimama kama mtu anayekwenda kutawadha. Karatasi niliiacha nyeupe, na juu yake nikalaza zile funguo za bohari, zilizokuwa bado mfukoni mwangu, panka lisije likaipeperusha. Nikashuka ngazi, viatu vikinibana, nikashika njia ya Kibokoni kwa miguu. Ukumbini sikurudi, na bohari ile sijaikanyaga tena hadi leo.