Siku Tulipoteremsha Samaki

Nikinusa kamba iliyoloa maji ya ziwa, viganja huanza kuniwasha, nami narudi ufukweni Nchelenge, enzi zile za miaka ya hamsini nilipokuwa msichana mdogo. Baba alikuwa ameshafariki. Alituachia bwato moja la mbao, mashua ya kuvulia samaki, na ndilo lililotulisha.

Asubuhi moja mjomba Mwepu alirudi kutoka kuvua, bwato limejaa samaki, dhoruba ikimfuata nyuma. Mawimbi yakaanza kulipigiza kwenye mawe. Majirani walikuja mbio, kwani desturi ilikuwa hivi: anayesaidia kuvuta hupewa samaki, na samaki hawateremshwi mpaka bwato lifike pakavu, wasije wakaibwa. Tukavuta. Mjomba alipaza sauti kwamba umoja ni nguvu, lakini bwato halikuwa na masikio. Tukavuta tena, lisisogee hata kidogo. Ubao mmoja ukalia.

“Yaya, twite batu bengine,” mjomba alimwambia mama, dada yake mkubwa. Wote wawili walizaliwa ng’ambo, upande wa Kongo.

“Hapana. Mutoshe samaki yote inje. Na nyavu.”

“Batu bataiba.”

“Bakiiba samaki, tutavua ingine. Bwato ikivunjika, tutavua na nini?”

Aliingia majini mwenyewe, akaanza kuwatupa samaki mchangani. Nililia kwa hasira. Niliona chakula chetu kikiokotwa na mikono nisiyoijua, nikaamini mama ameshindwa. Kisha tukashika kamba, watu walewale, na bwato likajikwamua, likapanda polepole, halafu kwa kasi hata nikaanguka chali.

Miaka ilipita. Nikiwa sekondari, mwalimu alichora sanduku na mishale, akatufundisha sheria za Newton: chukua kani ya kuvuta, toa msuguano, kinachobaki gawanya kwa masi, utapata mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyoongezeka. Akauliza: sanduku likigoma, tufanye nini? Wenzangu wote walisema tuongeze kani. Mimi nikasema tuteremshe samaki.

Darasa zima lilicheka. Nikaenda ubaoni nikawaonyesha: mzigo ukipungua, msuguano hupungua, masi nayo hupungua, na mikono ileile iliyokuwa ikiambulia sifuri inapata cha kubaki.

Nikashindwa kumalizia mstari wa mwisho, machozi yalinijaa. Nilimwona mama majini, akitupa samaki kwa mikono miwili. Hakuwa ameshindwa. Alikuwa anavuta kuliko sisi sote.