Leso Iliyomaliza Mashindano ya Konza

Mwende, mjukuu wangu, andika na usicheke. Jumamosi nilikwenda Konza kumtazama baba yako, Mutua, akishindana na wenzake kwa magari yao makuukuu. Hapakuwa na hata kamba ya kututenga na magari. Mutua alipoongoza, nilipiga vigelegele, nikavua leso yangu ya miraba myeusi na myeupe, nikaipunga kando ya njia. Akafunga breki papo hapo. Wa nyuma wakamgonga, wote wakatumbukia kwenye miiba. Walitoka wazima, wakifoka.

"Nani amepunga bendera ya kumaliza?" msimamizi alinguruma. "Bado mizunguko miwili!"

Niliificha leso nyuma yangu, nikawakazia macho vijana waliosimama karibu. "Watoto wa siku hizi hawana adabu," nikasema.

Mutua akanitazama, miiba kichwani. "Mama, na hiyo inayopepea nyuma yako ni nini?"