Mama Mdogo Alipoulizwa Ndoto Yake

Mama yangu mdogo hakushindwa. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila mtu aliyewahi kuiona sura yake anaamini alishindwa, na wapo wanaoamini kwamba hata kuimba hajui. Mimi nilikuwepo. Nilisimama hatua kama kumi kutoka pale alipoimba, nimevaa fulana ya njano ya wahudumu, na nilisikia kila kilichosemwa.

Ulikuwa msimu wa kwanza wa mashindano ya kuimba ya televisheni, na nchi nzima ilikuwa ikiyazungumzia kabla hata hayajaanza. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Chimwaga, nasomea ualimu. Waandaaji walipotangaza kwamba usaili wa kanda ya kati utafanyika kwenye ukumbi ulio jirani na chuo, walitafuta wanafunzi wa kupanga foleni na kugawa namba. Nikajiandikisha, na siku hiyohiyo nikampigia simu mama mdogo, kijijini kwake Mlali.

Yeye ni kitindamimba wa bibi yangu. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na mmoja, ana watoto watatu, analima mahindi na alizeti. Kwa kina mama wa kanisani kwao ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Akitoa sauti ya kwanza, wengine wanaipokea kwa sauti tatu nne tofauti bila kufundishwa na mtu, kama Wagogo wanavyoimba tangu zamani, na ngoma zikiingia hapo unasikia nywele zinasimama. Kiswahili chake alikipata shuleni, akaishia darasa la saba, na mpaka leo anakisema polepole, akichagua maneno.

Alikataa. "Mimi naimba na wenzangu," alisema. "Nikisimama peke yangu, nani atanipokea?"

Nilimbembeleza wiki nzima. Nilimwambia kwamba nchi inapaswa kuisikia sauti ile. Nilimwambia kwamba watu wa mjini wanaojiita waimbaji hawamfikii kwenye vifundo vya miguu. Mwishowe akaja, akalala kwenye chumba changu cha kupanga Chang'ombe, hapohapo Dodoma, na asubuhi akanyoosha kitenge chake mara mbili kwa pasi ya mkaa ya mwenye nyumba.

Foleni ilikuwa ndefu tangu saa kumi na mbili. Kabla ya kuingia, kila mshiriki alipewa fomu ya kurasa nne, yote kwa Kiingereza.

"Hii inasemaje?" aliniuliza.

"Ni fomu ya kawaida tu, mama mdogo. Inasema unakubali kupigwa picha. Weka sahihi hapa."

Sikuwa nimeisoma. Nilikuwa na namba za kugawa na watu wa kupanga, na nilitaka kuonekana mtu anayejua mambo. Akaweka sahihi kwa herufi kubwa, akiandika jina lake lote.

Majaji walikuwa watatu: mwanamuziki kijana, mtangazaji wa redio, na mama mmoja mwalimu wa muziki. Mtangazaji ndiye aliyekuwa akihoji. Aliuliza jina, akauliza anatoka wapi, kisha akauliza, "Na ndoto yako ni nini?"

Mama mdogo alifikiri kidogo. "Jana sikuota," alijibu. "Nililala ugenini, usingizi haukuja vizuri."

Mtangazaji alicheka, mwanamuziki akatabasamu. Sikuliona jambo baya. Mtangazaji mwenyewe akajirekebisha: "Samahani mama, nauliza, katika maisha unatamani nini?"

"Natamani mvua inyeshe kwa wakati wake na wanangu wasome," alisema. "Na leo natamani kuimba."

Akaimba wimbo wa kupura mtama. Unasimulia habari za mwanamke anayerudi kutoka kisimani na ndoo ya maji kichwani, mvua ikamkuta njiani, naye akaimwaga ile ndoo kwa furaha. Aliuanza chini sana, akiwa ameinamisha kichwa kama anayesubiri wenzake wampokee. Walipokosekana akawa anajipokea mwenyewe, anaruka kutoka sauti ya chini mpaka ya juu na kurudi, mpaka mafundi wa taa wakaacha walichokuwa wanafanya. Alipomaliza, mwalimu wa muziki alikuwa amevua miwani.

"Ndiyo," alisema yule mama. "Mwanangu, ndiyo."

Mwanamuziki naye alisema ndiyo. Mtangazaji alisema sauti ni kubwa lakini ana wasiwasi na lugha, kwa hiyo kwake ni hapana. Ndiyo mbili zilitosha. Mama mdogo alipewa kadi ya kijani, akaambiwa atapigiwa simu kwenda Dar es Salaam kwa hatua ya pili. Alitoka nje ameishika kwa mikono miwili, akawa anauliza kila mara kama kweli jina lililoandikwa pale ni lake.

Simu haikupigwa. Tulihesabu wiki, tukajiambia wana watu wengi wa kuwapigia. Kisha ikatangazwa kwamba kipindi cha usaili wa Dodoma kitaonyeshwa Jumapili alasiri, nami nikapanda basi kwenda Mlali ili tukione pamoja.

Tulikusanyika sebuleni kwa mzee wa kanisa, ambaye ndiye mwenye televisheni kubwa kuliko zote pale. Kina mama wa kwaya walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, watoto wamejaa mlangoni na dirishani. Mama mdogo aliwekewa kiti mbele, kama bibi harusi.

Alionekana kwa muda usiozidi kunywa maji glasi moja. Waliweka swali la ndoto, wakaweka jibu, "Jana sikuota," halafu wakalirudia jibu mara ya pili, na ya tatu, kwa mwendo wa polepole, na kicheko cha umati ambao haukuwemo ukumbini. Kisha akaonekana anafungua kinywa aimbe. Kilichotoka kilikuwa mlio wa mbuzi.

Baada ya hapo majaji wakasema hapana, mmoja baada ya mwingine. Mtangazaji alipokuwa akimsikiliza mama mdogo asubuhi ile alikuwa amevaa koti la bluu. Kwenye ile hapana, ambayo haikuwa na neno lolote la kusifu sauti, hakuwa na koti, kwa sababu lilikuwa jibu la mchana, alilompa mshiriki mwingine kabisa baada ya joto kuzidi. Hata kuficha hawakujisumbua. Walijua hakuna atakayeangalia koti.

Mtoto mmoja dirishani alicheka kwanza. Wakubwa wakajizuia, baadhi wakashindwa. Mama mdogo aliendelea kuitazama televisheni, ambayo tayari ilikuwa imehamia kwa mtu mwingine.

"Wimbo wangu umeenda wapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Ile kadi ya kijani alikuwa nayo, ameifunga ndani ya kitambaa kwenye mkoba, na siku hiyo hakuitoa.

Nilirudi chuoni kesho yake. Kwenye bwalo la chakula kijana mmoja aliulizwa na mwenzake kama amemaliza kazi aliyopewa darasani, akajibu, "Jana sikuota," na meza nzima ikaanguka kwa kicheko. Kufikia Jumatano mhadhiri wetu mmoja aliyatumia maneno hayo darasani. Klipu ilikuwa kwenye kila kundi la simu nililokuwemo. Watu walitengeneza picha zake za kutumiana kama salamu za asubuhi. Na mimi, msomi, niliyemtoa mtu shambani kwake nikamleta mbele ya kamera, nilikaa kwenye darasa lile nikaangalia daftari langu. Sikusema yule ni mdogo wa mama yangu. Siku tatu sikusema. Hasira niliyo nayo kwa wale watu wa televisheni ni kubwa, lakini sehemu yake ni yangu mwenyewe, na nimeshindwa kuitenganisha.

Siku ya nne nilimpigia dada mratibu, ambaye alikuwa akituongoza wahudumu. Alinikumbuka, akafurahi.

"Huyo mama ni wa kwenu? Mwambie hongera. Anatrendi kuliko hata waliofuzu."

"Alipata ndiyo mbili," nilisema. "Ana kadi. Mmemwonyesha kama aliyekataliwa, na sauti yake mkaitoa."

"Dada, mbona unachukulia siriasi? Hiki ni kipindi cha burudani. Watu wanataka kucheka pia. Halafu fomu alisaini, inasema wazi tunaweza kuhariri tunavyoona inafaa."

Nikaitafuta ile fomu kwa rafiki aliyekuwa amebaki na nakala. Ilisema hivyo, ukurasa wa tatu. Nilikuwa na Kiingereza cha kuisoma. Kwa nini mtu wa Mlali apewe karatasi ya Kiingereza katika nchi inayozungumza Kiswahili, hilo bado sijapata aliyenieleza. Na kwa nini mtu aliyejibu swali sawasawa kama lilivyoulizwa aonekane mjinga, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ndoto kwa mama mdogo ni kitu unachokiona umelala. Kwa bibi yangu pia ilikuwa hivyo, na kwa bibi yake yule mtangazaji, nina hakika. Mama mdogo alikitumia Kiswahili vizuri. Aliyeulizia matamanio kwa jina la usingizi ni mwingine.

Wiki kadhaa baadaye gari lao lilikuja Chang'ombe. Mmoja wa waliobaki mashindanoni alikuwa binti wa mtaa wa pili kutoka kwangu, wakaja kurekodi nyumbani kwao. Nilimkuta dada mratibu amesimama kwenye kivuli cha duka la vyombo, anakunywa maji. Nilimsalimia, nikamweleza yote upya, ana kwa ana, bila kupandisha sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo lililoonyesha kwamba hakunisikia kabisa.

"Tulikuwa tunamtafuta, ujue. Tunataka aje fainali. Tutamgharamia kila kitu. Apande jukwaani, aulizwe tena ndoto yake, aseme lile lile. Ukumbi utavunjika."

"Ataimba?"

"Kuimba hapana. Muda hautoshi."

Nilitaka kumkatalia palepale. Nikajizuia, maana nilishawahi kumwamulia mama mdogo mara moja na ilitosha. Jumamosi nilikwenda Mlali nikamkuta anapepeta alizeti. Nilimweleza kama nilivyoelezwa, pamoja na safari na hoteli. Hakuacha ungo.

"Waambie wakinitaka nikaimbe, nitakuja," alisema. "Lile la ndoto wanalo tayari. Wana haja gani na mimi?"

Nilipeleka jibu hilo kwa ujumbe wa simu, neno kwa neno. Halikujibiwa.

Mambo mabaya zaidi yalimkuta nyumbani. Kulikuwa na mkutano wa kwaya za wilaya Kongwa, ambako kila mwaka yeye ndiye aliyewaongoza kina mama wa kwao. Wazee wa kanisa walikaa, wakamwambia kwa upole kwamba mwaka ule apumzike kidogo, aimbe nyuma, mpaka watu wasahau. Hawakutaka kanisa lichekwe. Niliposikia nilikwenda kwa yule mzee mwenye televisheni, nikampa shikamoo, nikakaa, nikamweleza habari za ndiyo mbili, mbuzi na koti la bluu. Mama mdogo alikuwa amenipa kadi, nikamwekea mezani. Aliigeuza pande zote mbili.

"Nakuamini, mwanangu," alisema. "Lakini watu hawajaona kadi. Wameona televisheni."

Uamuzi haukubadilika. Siku ya mkutano kina mama wa Mlali waliitwa, wakapanda mbele na ngoma zao, na mwanamke mwingine ambaye wazee walimteua kuanzisha akasimama mahali pa mama mdogo. Hakuanzisha. Alikaa kimya, akiangalia mbele. Wote walikaa kimya. Mwongoza ratiba akawaita tena kwa kipaza sauti, akidhani hawajasikia. Watu wakaanza kunong'ona. Nilimwona mzee akiinuka nusu, akikaa, akiinuka tena. Halafu yule aliyeteuliwa akarudi nyuma mstari wa mwisho, akamshika mama mdogo mkono, akamvuta mbele, akamwacha hapo.

Mahali fulani katikati ya wasikilizaji mtu alisema, "Jana sikuota," na wachache wakacheka. Mama mdogo alingoja kicheko kiishe. Alipoanza, wenzake walimpokea kabla hajamaliza neno la kwanza, kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia kwao, na nikaelewa kwamba na wao walikuwa na hasira.

Misimu mingine ya mashindano yale imekuja na kupita. Mimi nafundisha sasa, na wanafunzi wangu ambao walikuwa wadogo mno kuiona ile klipu bado husema "jana sikuota" wakiulizwa jambo wasilolijua, bila kujua maneno yametoka kwa nani. Mwanzoni nilikuwa nawaadhibu. Siku hizi nawasimamisha nawaeleza, na inachukua kipindi chote. Mama mdogo ananiambia niache. Anasema yeye alishasamehe, na kwamba mbegu zake za msimu huu zinamnyima usingizi kuliko televisheni. Huwa namwitikia ndiyo, mama mdogo. Kisha darasa lijalo nawaeleza tena.