Kitabu Kinene cha Mwalimu Yesaya

Mwalimu Yesaya hakuwa mtu mbaya. Alifundisha hesabu katika shule moja ya sekondari mjini Tunduma, hakunywa pombe, hakumchapa mtoto kwa hasira, na Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: alipenda kuonekana anajua. Ugonjwa huo hauumi, ndiyo maana wagonjwa wake hawatafuti dawa.

Mwaka 2011 alianza kusomea shahada ya pili akiwa kazini, akienda Mbeya mara moja moja kuonana na msimamizi wake, Dokta Makene, mzee mfupi asiyecheka ovyo. Yesaya alitaka kuchunguza kwa nini shule nyingine hufaulisha na nyingine hufelisha. Dokta akamwambia kwamba mtoto hasomi peke yake porini. Yumo ndani ya darasa, darasa limo ndani ya shule, shule imo ndani ya kata, na takwimu za namna hiyo zina njia yake ya kuchambuliwa, ngazi kwa ngazi.

"Tafuta kitabu kimoja cha somo hilo," alisema. "Ukiwa bado umesimama pale dukani, soma kurasa mbili. Usipoelewa kirudishe, hata kama kimeandikwa na malaika. Mwezi wa sita uje unieleze kwa maneno yako mwenyewe. Ukishindwa, nafasi yako nampa mwingine. Wapo wanaoingoja."

Tunduma haikuwa na duka la vitabu vya namna hiyo. Ilikuwa na Mama Enesi, aliyeuza mitumba karibu na mpaka na ambaye marobota yake yalitoka Zambia yakiwa na kila kitu isipokuwa mpangilio. Msimu ule yalikuja na vitabu vya mhadhiri fulani wa Kizungu aliyerudi kwao.

"Mulishani, Mwalimu!" alimsalimu kwa Kibemba, kama alivyozoea kuwasalimu wateja wa ng'ambo. "Vitabu vya hesabu hivyo, vimekaa hapo kama wakwe. Viondoe nipate pa kuweka majaketi."

Vya somo lake vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa kinene kama tofali la kuchoma, jalada gumu jeusi, maandishi ya dhahabu. Cha pili kilikuwa chembamba, jalada laini, kimeandikwa kwamba ni cha wanaoanza, na ndani mlikuwa na michoro ya watoto wamekaa madarasani.

"Chukua hiki chenye picha," alishauri Mama Enesi. "Kinaonekana kina huruma."

"Mama, mimi ni mwalimu wa sekondari. Watu wakiniona na picha za watoto watasemaje?"

"Watasema unafundisha watoto."

Yesaya alikinyanyua kile kinene kwa mikono miwili, akakilipia, akaondoka. Kurasa mbili hakusoma. Hakusoma hata nusu.

Kitabu kile kiliheshimiwa sana. Alikipeleka shuleni, walimu wenzake wakakipima uzito kwa zamu. Alikipeleka mpaka Itumba alipokwenda kusalimia wazazi, na mama yake akakitazama kwa masikitiko. "Mwanangu, yote haya ni hesabu? Aliyeandika hakuwa na shamba?"

Kazi ilianza siku alipokifungua. Ukurasa wa kwanza ulisema, "Kama msomaji anavyokumbuka." Yesaya alijaribu kukumbuka, hakukumbuka kitu. Ukurasa uliofuata ulisema, "Ni dhahiri kwamba," kisha zikafuata herufi za Kigiriki zimepangana mpaka chini kama malori ya foleni ya mpakani, na tarakimu hata moja haikuonekana. Mwezi wa nne ukapita. Wa tano ukaingia, Yesaya bado yuko kwenye yale ya dhahiri.

"Baba Yunisi," mkewe Gwantwa alimuuliza, "kitabu kinasemaje?"

"Ni mambo mazito, Mama Yunisi."

"Uzito nimeuona. Nimeuliza kinasemaje."

Mtu akiulizwa hivyo na mkewe na bado asiseme ukweli, hapo kiburi kimeshajenga nyumba na kuezeka bati.

Siku moja mapumziko ya saa nne, Yesaya alinunua karanga kwa Happy, binti aliyekaanga na kuuza langoni mwa shule. Alizimimina kiganjani, akataka kuitupa karatasi, jicho likaona mchoro wa watoto ndani ya darasa, na darasa ndani ya shule. Akasoma akiwa amesimama. Akaelewa! Alisoma na upande wa pili, uliolowa mafuta, akaelewa zaidi.

"Happy, karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Kwa Mama Enesi. Kitabu kilikosa mtu, akanipa nifungie."

"Kiko wapi?"

"Hiki hapa. Kimeliwa karibu nusu."

"Kimeliwa na nani?"

"Na walimu wenzako. Leta nikuongezee za moto."

"Niuzie kilichobaki."

"Halafu nifungie nini, Mwalimu? Nimwagie watu mifukoni?"

Yesaya aliingia ofisini, akatoka amekumbatia kile kinene. Dirishani walimu wakasongamana. Happy alikipekua kwa makini ambayo mwenye kitabu hakuwahi kuwa nayo, akasugua ukurasa kwa kidole chenye mafuta.

"Hiki kizuri," alisema. "Hakivujishi. Kitanifikisha Krismasi."

Wakabadilishana pale pale, mbele ya macho yote. Walimu walicheka mpaka kengele ikapigwa, na kwa wiki nzima kila aliyenunua karanga alimletea Yesaya karatasi. "Mwalimu, ni dhahiri kwamba hizi zina chumvi!" Aliwapokea, akawashukuru. Kucheka kwao kulimuuma kidogo kuliko alivyotarajia, na masomo yalikuwa yanaingia.

Usiku wa kuamkia safari ya Mbeya alimketisha Gwantwa jikoni.

"Ukitaka kujua karanga za Tunduma zikoje, ukachukua punje mia kutoka kikaango kimoja kilichoungua, utasema umepata mashahidi mia. Hapana. Zimeungua pamoja. Ni kama shahidi mmoja anayejirudia. Kuna ubaya wa punje yenyewe, na kuna ubaya wa kikaango. Lazima uvipime vyote, kila kimoja kwenye ngazi yake. Na watoto wa shule moja ni hivyo hivyo."

Gwantwa alifikiri. "Sasa hilo ndilo lililotaka miezi miwili?"

Kesho yake mbele ya Dokta Makene alieleza yale yale. Dokta alisikiliza amefumba macho.

"Vema. Kitabu gani?"

"Jina silijui, Dokta. Jalada lilifungiwa karanga."

Dokta alifumbua macho. Yesaya akasimulia yote, kinene, chembamba chenye picha za watoto, Happy, walimu dirishani, bila kujipunguzia hata neno moja.

"Haya. Na shule zenyewe zikiwa chache, tatu au nne tu, utafanyaje?"

Zamani angekohoa, akataja jambo zito. Safari hii alitazama mikono yake. "Hilo sijui. Lilikuwa sura ya pili. Sura ya pili ilishaliwa."

Fomu ya nafasi yake ilikuwa mezani pale, na mzee alikuwa ameshika kalamu. Kisha bega la Dokta likatikisika, na Yesaya akatambua kwamba mtu huyu anacheka.

"Nafasi ni yako," alisema akitia sahihi. "Hicho chembamba ninacho mimi, kizima. Nitakuazima. Lakini Tunduma hakiendi. Utakuja kukisomea hapa hapa, kwenye kiti hicho, na uje umeshakula."