Chungu cha Togwa Nyuma ya Pikapu

Nianze na upumbavu wangu kabla jirani hajautangaza sokoni. Juzi nilikaa kwenye msiba usionihusu, nikanywa chai yao na nikalia. Jirani huyo, muuza chumvi ninayegawana naye ua, ndiye aliyeniletea habari kwamba dereva wa pikapu ya ushirika wetu wa zamani amefariki nyumbani kwake Chapwa, akanielekeza nyumba yenye turubai. Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Chapwa naijua kwa kusimuliwa. Nikaona turubai, nikaingia. Nyimbo za kwaya zilinishangaza kidogo, maana dereva wetu alikuwa Mwislamu, Mrangi wa Kondoa, lakini nikajisemea labda majirani wameamua kumsindikiza kwa namna yao. Mama mmoja akaniinamia: "Pole, kaka. Marehemu ulimfahamu vipi?" Nikamjibu kwa uchungu wote, "Nilikuwa napanda gari lake." "Bibi yetu hakuwahi kuwa na gari," akasema. Walinisindikiza mpaka kwenye msiba wetu, mtaa wa pili, wakinipa pole njia nzima, na sina hakika zote zilikuwa za msiba.

Mnaonisoma siku zote mnajua kwamba safari ndefu kwangu ni ya kutoka kitandani kwenda jikoni. Kwa hiyo shangaeni kidogo: marehemu huyu alinipandisha gari kuliko binadamu mwingine yeyote, na karibu kila mara nilishuka nikimtukana. Hakuwa mnyenyekevu. Alijisifu asubuhi, akajisifu mchana, na jioni akaomba wengine wamsaidie kumsifu. Ilikuwa miaka ile watu walipohamia vijiji vipya, na pikapu yake ndiyo iliyobeba kila kitu: mbolea, mchele wa Kamsamba, wagonjwa, hata mwenyekiti na hotuba zake. Mvua zikianza, tope la kule bondeni Kamsamba lililimeza gari mpaka tumbo. Akavuka mpaka, akarudi na tairi kubwa kuukuu, na kwa desturi ya wakati ule hatukumuuliza amezipataje. Alipozifunga zikawa zinasaga madigadi kila akikata kona. Basi akaliinua gari kwa njia aliyoijua kila mtu: akaongeza kwenye springi vyuma vinene vya springi za lori. "Sasa huyu ni tembo, ndugu zangu," akatutangazia. Kweli lilipita topeni. Ila springi zilikuwa ngumu kama reli, na mwenyekiti aliporudi kutoka Kamsamba alishuka ameshika kofia kwa mkono mmoja na kiuno kwa mwingine, na siku hiyo hakuhutubia.

Tulicheka sana, mpaka zamu ya kucheka ikanipita. Dada yangu alikuwa ameolewa huko Kamsamba kwa mkulima wa mpunga, na wakati ule alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikwisha kuharibika. Mkunga alimwambia wazi kwamba hii ya tatu akajifungulie hospitali huku juu Tunduma, na njiani asitikiswe hata kidogo. Hesabu zake ziliangukia katikati ya masika. Gari likibaki chini lisingetoka topeni. Likibaki juu vile lilivyokuwa, lingemrusha kama mahindi kwenye ungo. Nikamfuata dereva. "Kaka," nikamwambia, "tembo wako atamuua mtoto wa dada yangu kabla hajazaliwa." Akazunguka gari, akapiga teke tairi, akakaa chini. Kisha akasema, "Kesho njoo na chungu cha togwa. Kijae."

Sikuelewa, lakini nilikwenda. Akanipandisha nyuma, chungu katikati ya miguu yangu, akaendesha kwenye barabara ya makorongo mpaka nikalowa togwa kuanzia kidevuni hadi kwenye soksi. Aliposimama hakuniangalia mimi, alichungulia chungu. "Imebaki kidogo sana," akasema. "Na mimi je?" nikauliza. "Wewe umebaki wote, bahati mbaya." Kwa nini mimi? Kwa sababu, alivyowaambia watu, hakuna mtu Tunduma nzima anayelalamika vizuri kama mimi. Wengine wangesema 'si mbaya' ili wasimuudhi. Akavitoa vile vyuma vya lori. Akazichukua springi za gari lenyewe mpaka Ibaba kwa mhunzi, akazikunja upya zijipinde zaidi. Nilimuuliza kuna tofauti gani, akanieleza kwa kujisifu lakini nikaelewa: ukirundika vyuma gari linakaa juu kwa sababu limekakamaa, ukikunja upya linakaa juu na bado lina nafasi ya kushuka likikanyaga shimo. Akatafuta shokamzoba ndefu zaidi, akapunguza upepo kwenye tairi. Kila alipobadili kitu, niliitwa na chungu changu. Mke wangu alisema amechoka kupika togwa ya kuoshea barabara. Mara ya mwisho akampa dereva mwenzake usukani, akaninyang'anya chungu na kukaa nyuma yeye mwenyewe, mzee mzima, amekumbatia togwa. Aliporudi kilikuwa kimepungua vidole viwili tu. Hakujisifu. Alisema, "Mtumie dada yako salamu. Ajiandae."

Mvua ya siku ile sitaki kuieleza, maana nilikuwa nimefumba macho. Tulimlaza dada juu ya majani ya mpunga, mimi nikamshika kichwa, turubai juu yetu. Tulifika penye tope ambapo zamani gari lingezama na kulala hapo wiki. Tairi zikachimba, gari likainuka, likashuka polepole kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiamini. Kutoka mbele dereva alikuwa anapaza sauti: "Anaendeleaje huko?" Nikajibu yuko hai. Baadaye tena: "Shemeji anaendeleaje?" Mara hii sikujibu. Akasimamisha gari, akaja mbio kwenye mvua, akafunua turubai, uso umesawijika. "Mbona hunijibu?" Nikamwekea kidole mdomoni, yule mtu mwenye sauti kubwa kuliko injini yake. Dada alikuwa amelala usingizi, anakoroma. Dereva alisimama pale akilowa, akimsikiliza, kisha akarudisha turubai taratibu kama anayefunika mkate. Mtoto alizaliwa hospitalini, mzima. Siku hizi yuko shule, na togwa hainywi.

Nimekuwa nikilifikiria gari lile tangu juzi. Tangu tupate Uhuru nchi hii imekuwa ikiinuliwa, na mimi ni mmoja wa waliopiga makofi, nikiwa nyumbani. Ilibidi tuinuke, tope lilikuwepo kweli. Ila wengi waliotuinua walifanya kama yeye alivyofanya mwanzo, wakarundika chuma juu ya chuma, wakatutangazia tembo. Marehemu naye alikosea, tena kwa kelele. Nilichompendea ni kwamba alipoambiwa aliyeko nyuma anaumia, alifungua boliti zote akaanza upya, na kabla ya kumpakia mtu alipanda nyuma akakaa yeye. Mtu yeyote anayetaka kuniinua tena, namwomba kwanza apande nyuma na chungu.

Tulimzika alasiri ya juzi hiyo hiyo. Wanaume tulipokezana jeneza, na mimi, ambaye Mungu alinipunguzia miguu, nikapangwa pamoja na warefu. Upande wangu ukawa unalala. Nikavua sweta, nikalikunja, nikaliweka begani. Jeneza likakaa sawa, na bega likaacha kuuma. Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya: nimeinua, na nimelainisha. Nikageuka kumtafuta wa kumwonyesha, na wa kumwonyesha alikuwa juu ya bega langu. Machozi yakanijaa, nikakanyaga vibaya, nikayumba. Muuza chumvi alikuwa nyuma yangu. "Wewe," akasema, "unamrusha mzee wa watu kama gunia la chumvi. Yeye dada yako hakumrusha hivyo."